Dohani ya Mama Agnes

Vijana wa kikundi cha waashi mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijazisahau, nami nimekubali haraka kabla hamjabadili mawazo. Nimeacha uashi juzi tu. Magoti yalistaafu mapema, mgongo ukafuata, mimi mwenyewe nikawa wa mwisho kupewa taarifa. Sasa nashinda barazani hapa Lisekese, kwenye nyumba ambayo mke wangu, Mama Zuhura, huwaambia wageni kwamba inajengwa na fundi maarufu, ndiyo maana haijaisha. Lipu ya chumba cha nyuma inanisubiri tangu Zuhura anaanza shule. Leo Zuhura ana watoto wanaosoma.

Habari za vyeo msizitafute humu. Karakana yetu ilikuwa na cheo kimoja tu, na alikuwa nacho mwingine.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa kwangu. Napenda kulala kitanda ninachokijua. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walikimbilia Dar es Salaam, wengine Mtwara, kila mmoja na sanduku lake la bati na ndoto zake. Mimi nilichagua karakana ya misheni hapa Masasi kwa sababu moja ambayo sikuitaja kwenye usaili: ilikuwa karibu, ningeweza kurudi nyumbani kula mchana.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Fundi Kosmas, mtu mfupi, mkimya, mwenye nyusi zilizojaa vumbi la chokaa hata siku za Jumapili. Akanipa matofali mawili ya kuchoma. "Gonganisha. Unasikia nini?"

"Nasikia matofali, fundi."

"Tena."

Nikagonganisha. Akachukua moja, akanipa jingine. "Tena." Basi asubuhi yote ikawa hivyo, watu wanapita na mikokoteni wanamtazama msomi wa kidato cha nne anacheza na matofali. Mpaka nikasikia. Moja lililia kama kengele ya baiskeli. Jingine liliguna. Nikamwambia.

"Hilo linalolia jengea," akasema. "Hilo linaloguna mjengee mkweo."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyonipa mwezi ule.

Baada ya matofali nikapelekwa kwenye shimo la chokaa. Ninyi mmezaliwa na saruji, kwa hiyo nieleze. Chokaa ya zamani ilitoka pwani, inachomwa kutokana na matumbawe, inafika kama mawe meupe mepesi. Ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe bila moto, yanavunjika, yanakuwa uji. Uji huo unaachwa shimoni chini ya maji na magunia, unakorogwa, unalala, unakorogwa tena, mpaka unakuwa laini kama siagi. Ndipo unachanganywa na mchanga, ukapata udongo. Ndivyo sisi waashi tunavyouita, hata kama hauna punje ya udongo ndani yake. Udongo wa saruji unashika haraka na unakuwa mgumu kama mkaidi. Wa chokaa unachukua muda, lakini ukuta ukisogea kidogo nao unasogea, na ukilowa unakauka. Nilikoroga shimo lile mpaka ngozi ya mikono ikabanduka, na elimu yangu yote ya sekondari nadhani ilizama humo humo.

Ilikuwa kwa Kosmas pia nilipojifunza dohani. Nyumba za kwanza za wamisheni zilikuwa nazo, zile nguzo za matofali zinazotoka juu ya paa kupitisha moshi wa jikoni. Watu wengi walisema bomba la moshi. Kosmas alisema dohani, na ukisema bomba hakusikii.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Waliokuwepo wanakumbuka: maduka yaliyokuwa na chumvi na kiberiti peke yake yakajaa sabuni za rangi zote, redio, mitumba, mabati, na saruji. Mtu aliyeweza kununua mfuko wa saruji asubuhi, mchana alikuwa fundi. Shimo letu la chokaa likakauka. Karakana ikafungwa, tukapewa mikono na shukrani. Kosmas hakuyaona hayo, alishatangulia mbele ya haki, nadhani kwa hiari yake.

Sasa ndiyo nifike kwenye kazi mnayopenda kunicheka nayo.

Dereva wa lori la korosho alileta ujumbe wa mdomo kutoka kwa Padri wa Newala: "Chimni ya nyumba ya zamani imepasuka. Aje yule aliyefundishwa na Kosmas, aje upesi."

Hapa kwetu chimni ni kile kioo cha taa ya mafuta. Nilijiuliza kwa nini kioo cha taa kihitaji mwashi, lakini mambo ya kanisa sikuzoea kuyahoji, na mimi Mwislamu tena. Nikadhani labda kuna taa ya kizamani iliyojengewa ukutani. Nikaingia dukani, nikanunua chimni nzuri, nikaifunga kwenye gazeti, gazeti kwenye suruali, suruali kwenye mfuko. Nikapanda nayo lori hadi Newala nimeipakata. Barabara ile ya kupandia uwanda wa juu mnaijua. Mbavu zangu ziligongana, chimni haikupata hata ufa.

Nikamkabidhi Padri kwa mikono miwili. Akaitazama. Akatazama paa. Akanitazama mimi.

"Fundi Bakari," akasema taratibu, "mimi nilikuwa nazungumzia ile."

Juu ya paa palikuwa na dohani imeinama kama mzee anayesikiliza umbea. Kumbe Padri, kwa Kizungu chake cha seminari, dohani aliita chimni. Nyuma yake alisimama mama mmoja mnene, unga mpaka kwenye viwiko. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

"Jamani Wamakua!" akasema alipopata pumzi. "Mmekaa kwenye kivuli cha majabali mpaka akili imepoa! Karibu, Fundi Chimni."

"Shikamoo mama. Bora sisi wenye majabali. Ninyi Wamakonde hata jiwe la kufikichia kisigino mnaazima."

"Marahaba. Ingia, mtani, unywe chai."

Huyo ndiye alikuwa Mama Agnes. Baba yake alikuwa mpishi wa wamisheni katika nyumba ile ile, naye alizaliwa vyumba vya uani. Wamisheni walipoondoka, kanisa lilimwachia jiko, na ndani ya jiko mlikuwa na tanuri kubwa la matofali lililotumia ile dohani. Kwa tanuri hilo alioka mikate ya Newala nzima, ya shule, ya zahanati, ya harusi za Waislamu na za Wakristo, akasomesha watoto wake wote. Lakini kwa miaka michache jiko lilikuwa limeanza kujaa moshi. Mikate ikanuka. Wateja wakahamia mikate ya mifuko ya nailoni iliyokuja na malori kutoka Mtwara, ile ambayo ukiibana inabaki imebanwa.

Shida haikuwa ufa tu. Padri alinieleza kwamba kanisa limepata mabati mapya, na mafundi wa paa wanakuja kabla ya mvua. Wakifika, dohani iwe inafanya kazi, au iwe imebomolewa na tundu lizibwe. Mabati hayatatobolewa kwa ajili ya kitu kibovu. Na dohani ikiondoka, tanuri limekufa.

Mtoto wa kiume wa Mama Agnes, Silvesta, alikuwa upande wa kubomoa. Alikuwa mtoto wa ruksa hasa. Duka lake pale mjini liliuza saruji, sabuni, ngano, soda, misumari na manukato, vyote kwenye kaunta moja. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake kwa sauti kubwa.

"Kaka fundi," akaniambia siku ya kwanza, "mshauri huyu mama. Nimemjengea chumba kizuri nyuma ya duka. Feni ipo. Apumzike."

"Nikakae nyuma ya duka niwe nini?" Mama Agnes akajibu akikanda. "Gunia?"

"Mama, moshi utakuua."

"Moshi umenilea."

Silvesta akanivuta pembeni. "Basi piga simenti. Nitakupa mifuko unayotaka. Mimi mwenyewe nilishaleta mtu akaipiga lipu yote, ikapendeza, halafu ikapasuka tena. Sijui alipunja."

Hakupunja. Nilipogonga lipu ile kwa nyundo, iliita utupu. Tukafunga jukwaa la mianzi na kamba za katani, nikapanda. Hapo niwaambie kwamba sipendi urefu. Mwashi anayeogopa urefu ni sawa na mvuvi anayeogopa samaki, lakini ndivyo nilivyo, na miaka yote nimepanda nikitazama ukuta tu, kana kwamba una kitu cha kusomwa. Nikabandua saruji. Ilitoka vipande vipana kama maganda ya yai. Nyuma yake matofali mengine yalikuwa yamekuwa unga mweusi wenye unyevu. Nikachota kwa kidole. Ulinuka kitu nilichokijua, lakini sikukumbuka nimekinusia wapi.

Nikafika juu kabisa, na hapo ndipo nikashangaa. Mdomo wa dohani ulikuwa umefunikwa. Bati safi, limekatwa vizuri, limelazwa kwa mteremko, kingo zimekunjwa, na kwenye ncha yake kimefungwa kimfereji kilichoshuka hadi kwenye mfereji wa paa, na mfereji wa paa ukaenda kwenye tangi. Kutoka chini nilikiona kimfereji kile nikadhani ni mhimili. Moshi uliachiwa upenyo wa vidole viwili hivi pembeni.

"Mama Agnes!" nikaita nikiwa juu. "Nani kaweka bati huku?"

"Mimi!" akajibu kutoka uani, bila aibu. "Silvesta alipoanza kuuza mabati. Kwani?"

"La nini?"

"La maji, la nini tena? Mvua yote ile inaingia kwenye tundu inapotea bure!"

Msicheke. Ninyi wa bondeni hamuwezi kuelewa. Uwanda ule una mchanga mwekundu unaomeza mvua yote, na zamani wanawake waliteremka ukingo wa bonde kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Watu wa kule wanalipangia kila paa kazi ya kukinga maji. Nimeona mtu amefunga mfereji kwenye banda la kuku. Kwa hiyo Mama Agnes kuona tundu linalomeza mvua katikati ya paa lake, kwake ilikuwa dhambi, na siku mabati yaliporuhusiwa kuuzwa ovyo akairekebisha.

Nikashuka. Akanipa chai kunituliza. Nikanywa funda moja, nikasimama. Ilikuwa ile harufu. Tangu nimefika nilikuwa nakunywa chai yenye moshi, nikadhani ndivyo Wamakonde wanavyopika.

"Mama, maji haya ni ya tangi?"

"Ya tangi. Yananuka kidogo, majani ya mikorosho yanaangukia kwenye paa."

"Si majani ya mikorosho."

Nikamweleza. Moshi ukikosa pa kutokea unapoa ndani. Ukipoa unalowa, unatiririka kama uji mweusi, unakula chokaa kati ya matofali. Saruji ya Silvesta ikaufungia unyevu usitoke. Na masizi yale yanayokusanyika chini ya bati na kwenye kingo, kila mvua ikinyesha yanasafiri kwenye kimfereji hadi tangini.

"Kwa hiyo tumekunywa dohani."

"Kidogo kidogo, mama."

"Na mimi nimewakatia majirani matawi ya mikorosho yao." Akatazama lile tangi. "Lakini fundi, ukilitoa, maji ya pale yatapotea."

"Ni kama kikombe, mama."

"Kikombe ni kikombe."

Tukabishana juu ya kikombe kile mpaka Padri akapita, akasikiliza, akaondoka bila kubariki upande wowote. Mwishoni tukapatana: nitajenga vinguzo vinne vya matofali juu ya mdomo, nitalaza bamba la jiwe juu yake. Mvua itagonga jiwe na kudondokea kwenye mfereji wake, moshi utatoka pande zote nne. Mfereji wa dohani utakwenda kumwagilia mgomba, na tangi litabaki na maji ya paa peke yake.

"Mgomba utaota mikate," akasema. Nikajua amekubali.

Kazi ya chokaa ilikuwa na fundo lake. Kujenga dohani ni lazima ungoje mvua ziishe, kwa sababu paa liko wazi. Lakini mvua zikiisha, kila ndoo ya tangini ina mwezi wake. Silvesta, baada ya kunung'unika sana, aliniletea mawe ya chokaa kutoka pwani kwenye lori lake, yamekaa kati ya katoni za sabuni. Nilipochota ndoo ya kwanza kuyamwagia yachemke, Mama Agnes akasimama mlangoni.

"Fundi, hiyo ndoo ni ya Oktoba."

"Naijua, mama."

"Nakukumbusha tu. Oktoba nitakapokuwa sina ya kukandia unga, nitakukumbuka kwa jina."

Nilichota ya Oktoba, nikachota ya Novemba mwanzoni, na kila ndoo aliitaja. Baada ya hapo nikaona aibu, nikaanza kufikiri. Udongo wa chokaa ukishajengwa unataka ubaki na unyevu siku nyingi, la sivyo unakauka kabla haujashika na unapukutika. Saruji nayo inataka, lakini chokaa ndiyo mnyonyaji. Ningemwagilia kwa maji gani? Jibu lilinijia asubuhi moja nikitetemeka kwa baridi, nimevaa sweta la marehemu mume wa Mama Agnes lililonifika magotini. Newala miezi ya kipupwe ina ukungu mzito unaopanda kutoka bondeni, unakaa mpaka jua liwe kali. Nguo ukiianika alfajiri inalowa zaidi. Nikamwomba Silvesta magunia matupu ya korosho, nikaivisha dohani yote. Ukungu ukayalowesha bure. Mchana nikayafunika kwa makuti yasikauke. Watu wakipita barabarani wakawa wanauliza kwa nini misheni imevaa gunia, kuna msiba gani.

Nilijenga polepole, mistari michache kwa siku, kila tofali nikiligonganisha kwanza. Yaliyolia yalirudi mahali pake. Yaliyoguna nikayaponda, nikayachekecha, unga wake nikauchanganya kwenye udongo, maana unga wa tofali lililochomwa unaipa chokaa nguvu. Uzi wa timazi ukashuka wima katikati bila kuyumba. Kila jioni niliulizia lori la kurudi Masasi, na kila jioni Mama Agnes aliniambia malori yote yameondoka, hata lile lililokuwa linaunguruma mbele yetu.

Mafundi wa paa wakafika. Mabati mapya yakapakuliwa uani, yakaegeshwa ukutani. Padri akasema tuwashe tanuri, tuone, ndipo waamue watakata tundu au hawakati.

Nilitaka ningoje zaidi, udongo ulikuwa bado mbichi kwa ndani. Lakini anayeweza kuyaambia mabati yangoje simjui. Silvesta alifunga duka akaja. Mama Agnes alikuwa amekanda unga asubuhi bila kuuliza mtu, umeumuka kwenye beseni chini ya kitambaa.

Nikaweka kuni kavu za mkorosho, nikawasha.

Moshi ukarudi wote. Ulitoka kwenye mdomo wa tanuri kama watu wanaotoka msikitini Ijumaa. Padri akatoka akikohoa. Fundi mkuu wa paa akaanza kupima kwa macho mahali pa kuziba.

"Mama," Silvesta akasema, akishika mlango, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo. "Imetosha. Umejaribu. Twende nyumbani."

Mama Agnes aliniangalia mimi, machozi ya moshi yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote. "Bakari," akasema, "imekufa?"

Nikamwambia dohani mpya ni baridi na ina maji tumboni, moshi unaogopa kupanda kwenye baridi. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Ndani yangu nilikuwa natafuta lori. Nikatoa kuni nzito, nikafunga kitita cha makuti makavu, nikakisukuma ndani kabisa, chini ya koo la dohani, nikakiwasha peke yake. Kikawaka, kikaisha. Moshi ukarudi. Nikafunga kingine. Mama Agnes akapiga magoti kando yangu akawa ananifungia vitita, na mikono yake ilikuwa ya haraka kuliko yangu. Kimoja, kingine, kingine.

Kisha tukausikia kabla ya kuuona: mvumo mdogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa pua. Ndimi za moto zilizokuwa zinatutazama zikainama, zikageuka, zikaelekea ndani. Moshi uliokuwa jikoni ukaanza kutembea, ukapita juu ya vichwa vyetu, ukaingia tanurini wenyewe. Nje mafundi wa paa wakapiga mbinja. Mmoja akaita kwamba inatoka pande zote nne.

Mama Agnes hakwenda nje kuangalia. Alijifuta uso kwa kanga, akafunua beseni, akabonyeza unga kwa kidole.

"Silvesta, toka hapo mlangoni, unaziba upepo," akasema. "Na huu unga hautoshi. Nenda dukani kwako ukaniletee gunia zima la ngano."

"Nitamtuma mtu, mama."

"Nimekutuma wewe."

Akaenda. Nilitoka nje kupata hewa, nikamwona akirudi barabarani, mfanyabiashara mwenye duka, shati jeupe, gunia begani, weupe umemshukia mpaka kwenye viatu.

"Bosi!" watu wakamwita kutoka kwenye vibaraza. "Leo umekuwa kuli?"

"Ndiyo," alisema bila kusimama. "Nimeajiriwa na mama."